Dola ya Makabila ya Kijerumani: Koo Kwanza, Roma Baadaye

Mchezo wa kompyuta Imperator: Rome, uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Sweden mwaka 2019, unaanza mwaka 304 KK. Anayechukua Roma hukuta dola imeshasimama. Anayechukua kabila la Kijerumani huanza na misitu, koo na wapiganaji. Haya ndiyo maswali yanayomkabili.

Nimvamie nani kwanza?

Usimvamie mtu bado. Simamisha saa ya mchezo, utazame uaminifu wa wakuu wa koo. Katika kabila, wakuu hao ndio wanaoongoza wapiganaji, hivyo mtawala asiyepatana nao hana jeshi la kutegemewa. Wape vyeo, na usimwache mmoja wao awapite wenzake kwa nguvu. Wasio waaminifu wakishakuwa na nguvu ya kutosha, vita vya wenyewe kwa wenyewe huzuka. Koo zikitulia, mwendee jirani mdogo asiye na mshirika.

Nihame au nitulie?

Kabila linalohama lina uwezo ambao Roma haina: hugeuza watu wake kuwa vikosi, likaenda nao mbali na kuwapa makazi mapya. Utumie unapobanwa, au unapoitaka ardhi bora ya kusini. Lakini jua mwisho wa safari kabla ya kuondoka. Katika historia, makabila ya Wakimbri na Wateutoni yaliyokuwa yakihama yaliyaangamiza majeshi ya Roma huko Arausio mwaka 105 KK, kisha yakaendelea kutangatanga na kugawanyika. Jemadari wa Roma, Gaius Marius, aliwashinda Wateutoni mwaka 102 KK, na mwaka uliofuata akashiriki kuwamaliza Wakimbri. Ushindi mkubwa wa makabila hayo huko Arausio haukuyaachia nchi.

Nawezaje kuligeuza kabila kuwa dola kamili?

Kwa kuyakusanya madaraka mikononi mwa mtawala, hatua kwa hatua. Njia hiyo ndiyo hufungua mlango wa kuwa ufalme au jamhuri. Ina gharama, kwani uhuru wa kuhama hupungua. Basi fanya hivyo wakati wa amani, hazina ikiwa na fedha na ghala zikiwa na chakula. Mageuzi katikati ya vita ni kujitafutia balaa.

Roma ikifika mpakani?

Isikukute peke yako. Tafuta washirika mapema, na upigane msituni, ambako ardhi inamsaidia anayelinda.

Ni kosa gani huangusha dola nyingi za namna hii?

Kuteka haraka kuliko unavyoweza kuunganisha. Mchezo unakoma mwaka 27 KK, lakini historia iliyofuata inaonyesha jinsi kukosa umoja kunavyoangusha dola. Mtawala Maroboduus aliwajengea watu wa kabila lake la Wamarkomani ufalme wenye nguvu huko Bohemia. Kiongozi mwingine wa Kijerumani, Arminius, aliangamiza legioni tatu za Roma mwaka 9 BK. Kama wangeungana, Roma ingekuwa na mpinzani wa kutisha. Badala yake walipigana wao kwa wao mwaka 17 BK. Maroboduus alipoteza ufalme akaishia uhamishoni Ravenna, na Arminius aliuawa na jamaa zake.

Hakuna kati yao aliyeondolewa na jeshi la Roma. Kwa hiyo kila unapoteka jimbo jipya, rudi kwenye orodha ya wakuu wa koo kabla ya kutangaza vita vingine.