Mratibu wa Ujenzi wa Njia za Simu na Hesabu ya Mwangwi wa Nuru

Wanafunzi wa fizikia wamekwisha kujifunza kuwa sauti igongapo ukuta hurudi, na kwamba ukijua kasi yake na muda uliopita waweza kukadiria umbali wa ukuta. Kanuni hiyo hiyo hutumika kutafuta mahali ulipokatika waya wa nyuzi za kioo uliofukiwa ardhini. Makala haya yaeleza kwa nini kipimo hicho hakitoshi pasipo daftari la mtu mmoja: mratibu wa ujenzi wa njia za nje.

Njia za nje ni vyote vilivyo baina ya kituo cha simu na nyumba ya mteja: nguzo, mitaro, mabomba, chemba na nyaya zenyewe. Mratibu ndiye apangaye nani atangulie. Kabla ya sururu ya kwanza kugusa ardhi, huzuru ofisi za maji, umeme na barabara akauliza vyao vimepita wapi. Na kwa kuwa ramani za zamani hukosea, huagiza mashimo machache ya majaribio yachimbwe kwa mkono, taratibu. Uzembe hapa waweza kumuua mchimbaji, maana sururu yaweza kutoboa waya wa umeme. Kisha hufuata wachimbaji, walaza mabomba, wavutaji nyaya, na mwisho waungaji, ambao huyeyusha ncha za nyuzi zenye unene wa milimita 0.125 zikawa uzi mmoja. Kundi moja likichelewa, mengine hungoja, na mtaro ulioachwa wazi wakati wa masika hujaa matope.

Sasa turudi kwenye mwangwi. Katika kioo cha nyuzi hizo nuru husafiri takriban km 200,000 kwa sekunde, yaani mita 200 kwa kila mikrosekunde. Tuseme waya umekatika. Fundi aliyeko kituoni apeleka mpigo wa nuru, na mwangwi warudi baada ya mikrosekunde 84. Nuru imesafiri mita 16,800, kwenda na kurudi. Basi waya umekatika kwenye mita 8,400. Je, akachimbe mita 8,400 kutoka kituoni? La. Katika kila chemba huachwa waya wa akiba, umekunjwa, ili siku ya matengenezo upatikane wa kuungia. Ikiwa chemba ziko kila baada ya mita 1,000, na kila moja ina akiba ya mita 20, hadi chemba ya 8 zimetumika mita 8,160 za waya. Zinabaki 240, mahali penyewe ni mita 8,240. Asiyejua habari ya akiba angechimba mita 160 mbele zaidi, huku hospitali ya wilaya ikikaa bila simu.

Kwa hiyo mratibu hodari hangoji kazi iishe ndipo aandike. Ganda la waya huchapwa namba za mita. Kila waya uingiapo na utokapo chembani, yeye huzisoma na kuziandika siku ile ile, mtaro ungali wazi. Huandika pia pale mtaro ulipopinda kukwepa mbuyu au mwamba, jambo ambalo mchoro wa ofisini haukulitazamia. (Nyuzi zenyewe ni ndefu kidogo kuliko ganda lao, hilo mafundi hulisahihisha katika chombo cha kupimia.)

Zoezi: Katika njia hiyo hiyo, mwangwi umerudi baada ya mikrosekunde 62. Daftari laonyesha kuwa chemba ya 3 iliachiwa akiba ya mita 35 badala ya 20. Mafundi wachimbe umbali gani kutoka kituoni? Wangekosea kwa mita ngapi iwapo mratibu hakuiandika akiba hiyo?