Yerusalemu kwa Kiti cha Magurudumu

Wanafunzi wenzangu, wengi wenu mmesoma habari za Yerusalemu, na wengine huenda mkafika huko siku moja. Mimi nilifika, nikisukumwa na mdogo wangu, kwani miguu yangu ilipooza tangu utotoni. Haya ndiyo niliyojifunza.

Mji wa kale hautimizi hata kilometa moja ya mraba. Ukuta wake ulijengwa kwa amri ya Sultani Suleiman katika karne ya 16, na ndani mna mitaa minne: wa Waislamu, wa Wakristo, wa Waarmenia na wa Wayahudi. Tuliingia kwa Lango la Yafa, ambapo njia ni tambarare. Lakini mbele kidogo Njia ya Daudi yashuka sokoni kwa ngazi. Juu ya ngazi pamewekwa vijia vya kupitishia mikokoteni ya wachuuzi. Nikawaza: waliokumbuka mzigo walimsahau mtu!

Basi tukazunguka kwa njia nyingine mpaka Kanisa la Kaburi Takatifu, lililowekwa wakfu kwanza mwaka 335. Kushuka uani kuna ngazi pia. Watu wawili tusiowajua wakaniinua pamoja na kiti. Ndani, Jiwe la Kupakwa Mafuta li karibu na mlango. Wengine walipiga magoti. Mimi niliinama kitini nikaligusa.

Golgotha ni juu, nayo ngazi yake ni nyembamba na kali. Mdogo wangu akasema, "Kaka, nitakubeba mgongoni." Nikakataa, maana tungeanguka sote. Akapanda peke yake, nami nikabaki chini na uchungu moyoni. Ndipo nikaona kikanisa cha Adamu, chini ya mahali pale pale. Nyuma ya kioo ulionekana mwamba wa Golgotha, wenye ufa. Mdogo wangu aliposhuka alisema kwamba hakuuona ufa kwa wingi wa watu. Nikamwonyesha mimi.

Mwenye kiti akitaka kwenda huko, aulize kwanza habari za malango. Kuuliza si ujinga. Kwa mfano, Ukuta wa Magharibi hufikiwa kwa urahisi kwa Lango la Jaa. Na ninyi mtakaokuwa mafundi, mkijenga kanisa, msikiti au shule, ikumbukeni njia ya magurudumu kabla ya kuweka ngazi.