Nilichojifunza Ng'ambo Juu ya Kuluva



Sisi tulio katika kidato cha mwisho twaulizana swali moja kila jioni: Tukimaliza shule, twende wapi? Wako wanaotamani kujitolea katika kazi za misheni, na baadhi yao hupata nafasi ya kwenda nchi nyingine kufundishwa kazi hiyo. Mimi nilipata nafasi ya namna hiyo katika likizo iliyopita, majuma manne huko Mombasa, Kenya. Nataka kuwaeleza yaliyonipata. Sijisifu, maana mtaona kwamba sehemu kubwa ya habari hii ni ya aibu yangu. Nasema ili atakayenifuata aende amejitayarisha kuliko mimi.

Siku ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka kituo cha basi cha Arua. Alinipa simsim ya kukaanga katika karatasi, akaniuliza kwa Kilugbara, "Mwanangu, wakikuuliza habari za kwetu, utawaambia nini?" Nikacheka. Mimi niliona nakwenda kusikiliza habari za wengine, si kueleza za kwetu. Basi likaondoka kwa barabara ya Nebbi, na baada ya kilomita 11 hivi likapita Kuluva, penye hospitali ya misheni. Sikugeuza hata shingo. Tukavuka Nile pale Pakwach, tukaivuka tena Karuma, na safari ikaendelea mpaka Kampala, Nairobi, na mwisho pwani.

Katika sanduku langu nilikuwa na hotuba tatu nilizoziandika kwa bidii, kwa kuwa nilidhani mtu wa misheni kazi yake ni kusema. Siku ya kwanza nilipewa ndoo na ufagio. Juma zima tulisafisha vyoo, tulichota maji, tulimenya viazi, na mchana tulifuatana na wauguzi kutembelea wagonjwa majumbani. Hotuba zangu hazikuulizwa na mtu.

Lakini kila jioni tulitakiwa kuandika katika daftari mambo tuliyoyaona. Jioni ya kwanza niliandika hivi: "Watu wengi wa mtaa huu wanaumwa." Mwalimu wetu, mama mzee aliyekuwa muuguzi zamani, akapiga mstari mwekundu chini ya maneno yangu, akaandika kando: "Wangapi? Nyumba zipi? Tangu lini?" Nilikasirika kidogo. Kesho yake nikaenda tena, nikauliza vizuri, nikahesabu. Walikuwa watu watano, katika nyumba tatu, na wote walianza kuumwa ndani ya juma moja. Nyumba hizo tatu zilichota maji katika kisima kimoja. Nilipoyaandika hayo, mwalimu hakupiga mstari. Kisima kile kikaangaliwa, na watu wakaambiwa wachemshe maji.

Jioni moja kila mwanafunzi alitakiwa kueleza habari za kwao. Walikuwako vijana wa Kenya, wa Tanzania na wa Kongo, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi natoka Arua, katika West Nile. Kwetu hakuna jambo kubwa. Kuna hospitali ndogo, yaitwa Kuluva." Mwalimu akavua miwani yake. "Kuluva ya Daktari Williams?" akauliza. Nikanyamaza. "Mwanangu," akasema, "umetoka huko, wala huijui?" Hapo ndipo nilipoelewa swali la mama.

Habari aliyotueleza, nami baadaye nikaitafuta katika vitabu, ni hii.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye kidogo, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Ilikuwa saratani ya watoto, tena yenye kukua upesi mno. Burkitt aliandika habari zake mwaka 1958, kisha akataka kujua ugonjwa huo uko wapi, na wapi hauko. Akachapisha karatasi zenye picha, akazituma kwa hospitali nyingi za Afrika, za serikali na za misheni, akiuliza kama wamepata kuuona. Majibu yalikuja, lakini mpaka wa ugonjwa haukujulikana barabara kwa barua tu. Ilipasa kwenda kuona.

Basi mwezi wa Oktoba 1961 watu watatu walifunga safari kwa motokaa moja kuukuu: Burkitt, Daktari Cliff Nelson, na Daktari Ted Williams wa Kuluva. Williams alikuwa mtu wa Africa Inland Mission, naye pamoja na udaktari alikuwa hodari wa kutengeneza motokaa, jambo lililofaa sana katika barabara za siku zile. Kwa majuma 10 walikwenda kiasi cha maili 10,000, wakafika Afrika Kusini na kurudi, wakisimama katika hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lile lile. Walipoyatia majibu katika ramani waliona kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua. Katika nchi za juu zenye baridi ulikuwa haba, na katika nchi kavu vivyo hivyo. Ulikuwa mahali pale ambapo malaria huwasumbua watoto sana. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake kirusi kilichokuwa hakijajulikana. Leo wataalamu husema kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, huufungulia ugonjwa huo mlango. Tena umeonekana kuwa ni saratani inayoweza kuponywa kwa dawa, mgonjwa akiletwa mapema.

Na Kuluva iliendelea. Mwaka 1967 Williams na wenziwe wawili walitoa habari za wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 mpaka 1965. Walionyesha kwamba ugonjwa ulielekea kutokea kwa makundi: watoto waliokaa karibu waliugua karibu wakati mmoja. Fikirini, wasomaji, jambo hilo lilijulikanaje? Lilijulikana kwa sababu watu waliandika kila mtoto ametoka wapi, na ugonjwa ulianza lini. Ni yale maswali matatu ya wino mwekundu. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa nchi nyingine walikuja West Nile na kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000 ili kupima habari za kirusi kile. Watoto wale leo ni wazee wetu. Huenda mmoja ni mjomba wako, nawe hujamwuliza.

Katika juma la mwisho tulipelekwa kuona kengele ya Freretown, mahali paitwapo Kengeleni, na kijiji cha Rabai. Freretown ilianzishwa na misheni ya CMS kuwa makao ya watu waliookolewa utumwani. Kabla yake, watoto wengine waliookolewa baharini walipelekwa mbali zaidi, mpaka Nasik katika India, wakafundishwa dini, kusoma na kazi za mikono. Mmoja wao, William Jones, alijifunza uhunzi. Mwaka 1864 alirudi Afrika, akafanya kazi Rabai. Mwaka 1885 alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya kuja Uganda. Hannington alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara karibu na mahali paitwapo Mumias leo, akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones aliwakusanya waliobaki, akawaongoza mpaka Rabai, wakafika mapema mwaka 1886. Sisi hapa Uganda twalijua sana jina la Hannington. La Jones nililisikia mara ya kwanza pale.

Kijana huyo hakwenda India kwa kupenda kwake, nasi twaenda kwa hiari. Lakini aliporudi alikuwa na kazi mikononi, na watu walipopotelewa na mkubwa wao alijua njia ya kuwarudisha nyumbani.

Basi kwa wenzangu watakaokwenda nina mashauri matatu.

Kwanza, kabla hujaondoka, jua habari za kwenu. Tembelea hospitali yenu, kanisa lenu na soko lenu, uulize nani aliyeanzisha, na kwa nini. Mgeni asiye na habari za kwao hukaa katika mazungumzo kama mtu aliyekuja karamuni mikono mitupu.

Pili, pokea ndoo kabla ya kutaka mimbari. Nyumba ya mgonjwa niliingia kwa sababu nilibeba maji, wala si kwa sababu ya hotuba.

Tatu, andika. Nani, wapi, lini, wangapi. Maoni yako yaweza kungoja.

Niliporudi, nilishuka basi Kuluva kabla ya kufika mjini, ingawa sanduku lilikuwa zito. Nilikaa chini ya mti karibu na lango, nikamwuliza mzee mmoja kama alipata kumwona Daktari Williams. Akacheka, akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi. Nilifika nyumbani usiku. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa unajua utawaambia nini?" Nikamwonyesha kurasa nne.

Kurasa nne hazitoshi. Kwa hiyo nawaomba ninyi wakubwa wetu mliomaliza shule zamani: kama wewe au mzazi wako alifanya kazi Kuluva, alitibiwa pale, au alitolewa damu katika miaka ile, mwandikieni mhariri wa gazeti hili. Semeni nani, wapi, na lini. Wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka, na daftari langu bado lina nafasi.