Kupiga mbizi Watamu, safari ya nchi kavu

Nenda kati ya Novemba na Machi, kaskazi inapovuma na maji ni maangavu. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Kutoka Nairobi panda basi au treni ya SGR hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi. Shuka Gede, umalizie kwa tuktuk.

Wengi hudhani tahadhari ya kutopanda ndege baada ya kuzamia haimhusu msafiri wa basi. Inamhusu sana! Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa linaposhuka, naitrojeni iliyobaki mwilini hugeuka mapovu. Pumzika pwani saa 24 kwanza. Na matumbawe, tafadhali, usiyaguse hata kwa ncha ya pezi.