Pumzi ya Injini: Kwa Nini Magari ya Kasi ya Petroli Yanaaga

Chukua gari dogo la petroli lisilo na turbo, litoe bandarini Dar es Salaam, liendeshe hadi Lubumbashi. Likifika litakuwa limepungukiwa nguvu. Mwenyewe atalaumu esansi, atalaumu plagi, atamlaumu aliyemuuzia. Fundi wa Katuba atafungua boneti, atasafisha chujio, na gari litabaki vilevile. Kilichopungua hakimo ndani ya gari. Kimepungua nje, angani.

Tuanzie hapo, maana anayeelewa jinsi injini inavyopumua hatashangaa kusikia kwamba makampuni makubwa ya magari yanafunga idara zao za magari ya kasi ya petroli.

Petroli peke yake haiungui. Funika mbabula kwa sufuria: makala bado yapo, lakini moto unakufa kwa kukosa hewa. Ndani ya silinda sheria ni hiyohiyo. Gramu 1 ya petroli hudai takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Lita moja ya petroli ina gramu 740 hivi, kwa hiyo inadai karibu kilo 11 za hewa. Tunasahau kwamba hewa ina uzito kwa sababu hatuibebi kichwani. Hizo kilo 11, hapa kwetu, zinajaza chumba kidogo chenye upana wa mita 2, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 2.5. Lita moja tu, chumba kizima.

Nimesema “hapa kwetu” kwa makusudi. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ni kidogo kuliko iliyo juu ya watu wa pwani, hivyo inatukandamiza kidogo pia. Mita moja ya ujazo ikiwa Dar es Salaam ina hewa ya kilo 1.2 hivi, ileile hapa ina pungufu ya asilimia 13. Silinda inavuta ujazo uleule, ila oksijeni iliyomo imepungua. Oksijeni ikipungua, petroli inayoungua inapungua, na nguvu inafuata. Injini ya nguvu-farasi 100 pwani hubaki na kama 87 tu kwetu.

Basi anayetaka gari la kasi hana njia nyingi. Aongeze ukubwa wa silinda, aizungushe injini haraka zaidi, au aishindilie hewa. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta lita 100 za hewa kila sekunde. Mtu aliyetulia hawezi kumaliza kiasi hicho hata kwa dakika kumi. Turbo ndiyo njia ya tatu. Moshi unaotoka kwa nguvu unazungusha gurudumu dogo, pengine zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na gurudumu hilo linazungusha lenzake linalosukuma hewa ndani.

Wafaransa wa Renault Sport, idara iliyoanzishwa 1976, waliingiza turbo katika Formula 1 mwaka 1977. Wengi waliwacheka, kwa kuwa gari liliharibika kila mara na kufuka moshi. Machi 1979 mashindano yalifanyika Kyalami, Afrika Kusini, mahali palipoinuka kuliko hata Lubumbashi. Injini nyingine zilikosa pumzi. Jean-Pierre Jabouille, mwenye turbo, akashika nafasi ya kwanza ya kuanzia. Julai mwaka huohuo alishinda mbio za Dijon, kwao Ufaransa.

Lakini kila kinachovuta pumzi huitoa. Katika lita ya petroli mna gramu 640 hivi za kaboni. Kila gramu 12 za kaboni hushika gramu 32 za oksijeni, zikawa gramu 44 za hewa ukaa. Piga hesabu: lita yenye uzito usiofika kilo moja hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Hakuna fundi wa kuipunguza hesabu hiyo. Dawa ni kuchoma kidogo tu.

Kuanzia 2020 hadi 2024 kikomo cha Umoja wa Ulaya kilikuwa wastani wa gramu 95 kwa kilomita kwa magari mapya, na faini ya euro 95 kwa kila gramu inayozidi, kwa kila gari. Gari la kasi linalokula lita 10 kwa kilomita 100 hutoa gramu 230. Limezidi kwa 135. Zidisha kwa 95, unapata euro 12,825. Kwa kuwa hesabu ni ya wastani wa kampuni nzima, gari moja la kasi lilikula nafasi iliyochumwa na zaidi ya gari moja lisilotoa moshi.

Matokeo yameonekana. Jina la Renault Sport lilipumzishwa 2021, nafasi yake ikachukuliwa na Alpine. Mwaka 2023 ilitoka Mégane RS Ultime, ya mwisho, magari 1,976 kwa kukumbuka mwaka wa kuzaliwa kwa idara. Dodge ya Marekani ilitoa Challenger yake ya mwisho ya V8 Desemba 2023. Kiwanda cha Viry-Châtillon, kilikotoka ile turbo ya Renault, kiliacha kutengeneza injini za Formula 1 mwishoni mwa msimu wa 2025.

Sheria peke yake isingetosha kuwashinda wapenda kasi. Kilichowashinda ni mota ya umeme, kwa sababu haipumui kabisa. Pitisha umeme katika waya ulio karibu na sumaku, na waya utasukumwa papo hapo. Haingoji mizunguko 6,000, wala turbo kuamka. Msukumo wake mkubwa huanzia gari likiwa limesimama. Mlima nao hauinyimi kitu. Pikes Peak, Marekani, mbio huishia mita 4,302 juu. Mwaka 2013 Sébastien Loeb aliupanda kwa Peugeot ya petroli kwa dakika 8 na sekunde 13. Mwaka 2018 Romain Dumas, kwa Volkswagen ya umeme, alitumia dakika 7 na sekunde 57.

Petroli bado ina turufu moja. Kilo yake hubeba nishati nyingi mno kuliko kilo ya betri, ndiyo maana magari ya umeme ni mazito. Nasi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika ng’ambo tutaendelea kunusa esansi kwenye njia ya Kasumbalesa kwa miaka mingi. Kwa hiyo kijana wa garaji asiache kusikiliza injini kwa sikio, ila ajifunze pia kupima mkondo wa umeme kwa mita. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kituo cha utafiti wa betri tangu 2022; mlango wa kuanzia upo.

Waya ule unaosukumwa ndani ya mota ni wa shaba, na gari la umeme huhitaji shaba zaidi ya mara mbili ya gari la petroli. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911.