SOMO LA UFUNDI: MLANGO WA ZAMANI, RAFU YA NYUMBANI



Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba nyingi wilayani Rubavu, jirani na mji wa Gisenyi. Mvua za usiku ule ziliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda. Miaka miwili kabla ya hapo, Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba nyingi Gisenyi na Goma. Nyumba ikianguka, matofali huvunjika, lakini mara nyingi mlango hubaki mzima. Wengi huupasua kuni. Leo tujifunze kuufanya rafu, yaani etajeri.

1. Mlango ni wa nani?
Mlango una mwenyewe, hata kama nyumba imelala chini. Aliyekimbia huenda akarudi kuutafuta. Sisi tulioacha milango yetu nyuma tunalijua jambo hili. Basi omba au nunua, tena mbele ya shahidi.

2. Kuchagua
Gonga kwa kidole. Mlango wa tripleksi hulia kama ngoma kwa kuwa ndani ni mtupu. Ukishalowa hufumuka, nao hautabeba mzigo. Tafuta wa mbao nzima zilizopangwa wima. Choma kwa msumari: ukizama kwa urahisi, mbao zimeoza. Ukiona unga laini unadondoka, wadudu wamo, usiuingize nyumbani.

3. Kukausha na kusafisha
Osha tope, kisha ulaze kivulini juu ya mawe kwa wiki mbili au tatu. Jua kali huupinda. Ng'oa misumari yote kabla ya kushika msumeno.

Jihadhari na rangi ya zamani, maana huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe, watoto wakae mbali, kisha ufute vumbi kwa kitambaa chenye maji. Vipande vyenye rangi usivipikie kamwe.

4. Kukata
Tuchukue milango miwili, kila mmoja sentimita 200 kwa 80. Pasua yote miwili katikati kwa urefu, upate vipande vinne vyenye upana wa karibu sentimita 40. Viwili ni ubavu wa kushoto na wa kulia. Kila kimoja cha viwili vilivyobaki kikate rafu mbili za sentimita 80. Jumla rafu nne. Usizikate kwa kukingama, kwa sababu ubao hubeba mzigo kwa urefu wa nyuzi zake.

Masalio mawili ya sentimita 40 yapasue kwa urefu yawe vishikilio vinane. Vipigilie ubavuni, viwili kwa kila rafu, kisha rafu ilale juu yake na kupigiliwa misumari. Rafu ya chini iwe sentimita 10 kutoka sakafuni, ikwepe unyevu. Nyuma pigilia ubao wa mshazari ili isiyumbe.

5. Kufunga
Hapa ndipo wengi hukosea. Ardhi yetu hutetemeka, na rafu ya mita mbili ikiangukia mtoto aliyelala ni msiba. Ifunge juu, pande zote mbili, kwa waya imara kwenye nguzo au boriti ya nyumba. Msumari katika tofali la udongo hautoshi. Sufuria na magunia viwe chini, nguo na vitabu juu. Usiiweke karibu na kitanda wala mlango wa kutokea.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini tuulize mwenye mlango kwanza?
2. Rafu ya nyumbani kwako imefungwa wapi? Rudi leo ukaitikise uone.