SOMO LA AFYA: Jino Linapouma Usiku



Mtu wa Ikombe akizidiwa na jino usiku, hupanda mtumbwi hadi Matema kutafuta hospitali. Katika vituo vingi vya vijijini atakayemkuta zamu ni afisa tabibu au muuguzi, si daktari wa meno. Asaidiweje mpaka kupambazuke?

1. Chanzo
Jino likitoboka, vijidudu hufika kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu. Kiini kikivimba hakina pa kupanukia, kwa sababu jino ni gumu. Ndiyo maana maumivu huwa makali.

2. Kutuliza
Mtu mzima apewe ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, pamoja na parasetamoli gramu 1. Dawa zirudiwe kila baada ya saa 8. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo apewe parasetamoli peke yake. Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake. Mhudumu aliyefunzwa anaweza kuchoma sindano ya ganzi, nayo hutuliza kwa saa kadhaa. Aspirini isiwekwe kwenye ufizi, kwani huunguza nyama.

3. Antibiotiki
Hizi hazitulizi maumivu ya jino. Hutolewa pale maambukizi yanaposambaa, kama kuna homa au uso umevimba.

4. Dalili za hatari
Uvimbe chini ya taya au ulimi, kushindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua. Huyu asisubiri asubuhi. Akalishwe wima, apelekwe hospitali kubwa usiku uleule.

5. Tiba yenyewe
Vidonge hununua muda tu. Jino lazima lizibwe, litibiwe mzizi au ling'olewe. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango wa huduma za msingi za kinywa, na huduma ya dharura ni mojawapo. Hapa Tanzania, shirika la Bridge2Aid la Uingereza lilianzia Mwanza kuwafunza maafisa tabibu wa vijijini kung'oa meno kwa usalama. Mchango unaomfunza mhudumu mmoja na kumpa koleo, ganzi na chombo cha kutakasia vifaa huwafikia wagonjwa kwa miaka mingi.

Maswali ya kujadili
- Zahanati yetu ina nani awezaye kung'oa jino?
- Mvua zikifunga barabara, mgonjwa atasafirishwaje?
- Je, watoto wetu hupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku?